Mfungwa na Chuo Kikuu

Mwanzoni mwa mwaka 1994 nililetewa barua yenye muhuri wa gereza. Aliyeiandika alikuwa kijana niliyemfundisha historia katika kidato cha tatu na cha nne, mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa mdomo. Baada ya kidato cha sita alikosa chuo, akakosa na kazi, akaingia katika kundi la vijana waliovunja duka usiku na kumjeruhi mlinzi. Walikamatwa, naye akahukumiwa kifungo cha miaka saba. Katika barua ile hakuomba sabuni wala fedha. Alisema amesikia redioni kwamba kimeanzishwa Chuo Kikuu Huria, ambako mtu husoma popote alipo, masomo yakimfuata kwa posta, na akaniomba nimtafutie fomu ya maombi. Kisha akaongeza kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyewaeleza darasani jinsi akina Mandela walivyosoma wakiwa kifungoni.

Barua ile sikuijibu.

Sababu zangu nilizihesabu kuwa nzuri. Duka lililovunjwa lilikuwa la jirani yangu, mtu mwaminifu aliyelianza kwa debe moja la mafuta ya taa na katoni mbili za sabuni. Binti yake alikuwa amefaulu mtihani na kupata nafasi ya chuo, lakini baada ya wizi ule baba hakuwa tena na ada, binti akabaki nyumbani anauza vitumbua barazani. Jioni moja nilimweleza jirani habari ya barua. Hakukasirika. Aliniangalia kwa muda, akaniuliza, “Yaani Mwalimu, aliyeniibia mimi asome, na wangu aliyeibiwa asisome?”

Nilikosa la kusema. Nilirudi nyumbani nikaitia barua ndani ya daftari la maandalio ya masomo, nikajiambia kwamba nitaifikiria baadaye.

Nilipostaafu nikapata wasaa wa kusoma mambo ambayo hayamo katika silabasi, nikakuta kwamba mwaka ule ule wa 1994 swali la jirani yangu liliulizwa kwa sauti kubwa katika Bunge la Marekani, na huko lilijibiwa kwa sheria. Nimeifuatilia habari hiyo kuliko mambo mengi, na msomaji atanisamehe nikimpeleka mbali kidogo kabla ya kumrudisha kwenye duka letu.

Mwaka 1972 Marekani ilianzisha ruzuku ya elimu ya juu kwa watoto wa maskini, ambayo baadaye ilipewa jina la Seneta Claiborne Pell wa jimbo la Rhode Island, aliyeipigania. Haikuwa mkopo, kwa hiyo haikurudishwa. Aliyekuwa na sifa na kipato kidogo alipewa, na sheria haikumtoa mfungwa. Mfungwa kwa kawaida hana kipato, kwa hiyo sifa ya umaskini alikuwa nayo tele. Vyuo vikaanza kupeleka walimu magerezani, na katika miaka ishirini mamia ya mipango ya namna hiyo ikaenea nchini, mtu akiweza kuanza shahada akiwa ndani na wengine wakaimaliza humo humo.

Jambo hili halikutokea kwa huruma tu. Mwezi Septemba 1971 wafungwa wa gereza la Attica, katika jimbo la New York, waliliteka gereza lao na kuwashika mateka askari na watumishi. Madai yao yaliandikwa na kusomwa hadharani, na yanashangaza kwa udogo wake. Walitaka kuoga zaidi, chakula kinacholika, waganga wanaotibu, uhuru wa dini, na elimu iliyo bora kuliko ile waliyokuwa wakipewa. Siku ya tano, tarehe 13 Septemba, gavana aliamuru gereza litwaliwe kwa silaha. Katika mkasa wote walikufa watu 43, wafungwa na watumishi kwa pamoja, na wengi wao waliuawa na risasi za serikali yenyewe. Baada ya hapo wakuu wa magereza wengi walikubali kwamba mtu asiye na la kufanya wala la kutazamia ni hatari kwake mwenyewe na kwa anayemlinda. Hata leo ukiwauliza askari magereza kuhusu masomo, utakuta baadhi yao wanayatetea kwa sababu hiyo peke yake: zamu zao hupita salama.

Kisha nyakati zikabadilika. Miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini uhalifu uliwatisha Wamarekani, na mwanasiasa aliyeonekana mpole kwa wahalifu hakuchaguliwa. Ndipo baadhi ya wabunge, wakiwamo Seneta Kay Bailey Hutchison wa Texas, walipoleta hoja kwamba ruzuku ya wafungwa iondolewe. Walisema askari polisi anamkamata mhalifu, halafu mhalifu anasomeshwa bure ilhali mtoto wa askari yule yule anakosa ada. Ni hoja ya jirani yangu neno kwa neno, na sitaki msomaji aipuuze. Inatoka kwa watu wanaolipa kodi, wanaojinyima, na ambao hakuna anayewapa chochote bure.

Kilichokosekana ni hesabu. Katika mwaka wa masomo wa 1993 hadi 1994, wafungwa waliopata ruzuku ile walikuwa kama 23,000 kati ya watu wapatao milioni 4. Fedha yao ilikuwa kama dola milioni 35 kati ya zaidi ya dola bilioni 5, yaani haikufika senti moja katika kila dola. Na kuna jambo la pili, ambalo mimi nililiona zito zaidi. Ruzuku ile haikugawiwa kama pilau ya sinia moja, kwamba mkono mmoja ukiongezeka wengine watashiba kidogo. Kila mwenye sifa alipata stahili yake. Ofisi ya ukaguzi wa hesabu ya Bunge lenyewe ilieleza mwaka huo kwamba wafungwa wakiondolewa, hakuna mwanafunzi wa nje aliyenyimwa ambaye sasa atapata. Mtoto wa askari hakukosa ada kwa ajili ya mfungwa. Alikosa kwa sababu kipato cha baba yake kilizidi kidogo kiwango kilichowekwa, na ada za vyuo zilikuwa zikipanda kila mwaka.

Hoja ilipita hata hivyo. Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria hiyo tarehe 13 Septemba 1994, siku ile ile ya mwezi ambayo miaka 23 nyuma gereza la Attica lilitwaliwa. Sidhani kama kuna aliyeikumbuka.

Mipango mingi ya vyuo ikafungwa katika muda mfupi. Walimu waliacha kwenda, na waliobakiza mihula miwili au mitatu wamalize shahada wakabaki na masomo waliyokwisha kufaulu, yasiyo na pa kuyapeleka. Nimewafikiria sana hao. Mtu ambaye hajaanza hajui alichokosa.

Yaliyobaki yalibaki kwa nguvu za watu binafsi. Katika gereza la San Quentin, California, mwaka 1996 walianza kwenda walimu wa kujitolea wasiolipwa. Kazi ile ikakua mpaka kikawa chuo kamili ndani ya kuta za gereza, kinachoitwa Mount Tamalpais, kikapata ithibati mwaka 2022. Katika jimbo la New York mwanafunzi wa Chuo cha Bard, Max Kenner, alianza mwaka 1999 kukishawishi chuo chake kipeleke masomo magerezani kwa fedha za wafadhili. Hakikupeleka masomo mepesi ya kuwapitishia wafungwa wakati. Kilipeleka yale yale ya vijana wa nje, hesabu, falsafa, lugha, kwa mitihani ile ile, na waliofeli walifelishwa.

Mwezi Septemba 2015 wanafunzi wa Bard walioko katika moja ya magereza hayo walifanya mjadala na timu ya Chuo Kikuu cha Harvard, wageni wakija gerezani. Wafungwa hawakuwa na intaneti. Kitabu au makala waliyoihitaji iliombwa kwanza kwa wakuu wa gereza, na ruhusa iliweza kuchukua wiki. Tena walipangiwa kutetea upande wasioupenda, kwamba shule za umma ziruhusiwe kuwakataa watoto wasio na hati za uhamiaji. Waliutetea hata hivyo, na waamuzi wakawapa ushindi. Magazeti yalilishabikia sana jambo hili, kama kwamba ni muujiza kwa mfungwa kuwa na akili. Mimi niliyefundisha miaka mingi niliona jambo jingine. Kusimama na kujenga hoja ya mtu mwingine, usiyekubaliana naye, mpaka ikae sawa, ni zoezi gumu kuliko yote tunayowapa wanafunzi. Na mtu aliyemjeruhi mwenzake alifanya hivyo, mara nyingi, kwa kuwa dakika ile hakuweza kuona upande wowote ila wake.

Kuna na takwimu. Mwaka 2013 taasisi ya utafiti ya RAND ilikusanya uchunguzi mwingi uliofanywa Marekani, ikaeleza kwamba walioshiriki elimu ya gerezani, kuanzia ya kusoma na kuandika hadi ya chuo, walikuwa na uwiano wa kurudi kifungoni uliopungua kwa asilimia 43 ukilinganishwa na wasioshiriki, na kwamba kila dola iliyotumika iliokoa dola nne au tano za kuwafunga upya. Namba hizi hupenda kutajwa, nami nimezitaja, lakini nazitilia chumvi kidogo kidogo. Anayejiandikisha masomoni mara nyingi ndiye aliyekwisha kuchoka na maisha yake ya zamani. Ni vigumu kujua ni kiasi gani ni kazi ya chuo, na kiasi gani ni kazi ya ule uchovu. Tena ikiwa thamani yote ya elimu ni kwamba mtu asirudi kifungoni, basi tutasema nini kwa wa kifungo cha maisha, asiyetoka kamwe?

Marekani yenyewe ilirudi nyuma. Mwaka 2015 serikali ya Rais Obama iliruhusu vyuo vichache vijaribu tena kwa ruzuku ile. Desemba 2020 Bunge liliifuta marufuku, na tangu tarehe 1 Julai 2023 mfungwa anaweza tena kuomba. Ilichukua karibu miaka thelathini, na katika miaka hiyo, kadiri ninavyoweza kuona, hakuna mtoto wa askari hata mmoja aliyeongezewa ada na marufuku ile.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilifurahi, maana nilidhani nimepata la kumwambia jirani yangu. Kisha nikakumbuka kwamba nusu ya pili ya barua ilikuwa hainihusu Marekani hata kidogo. Ilinihusu mimi na somo nililofundisha.

Katika miaka ya themanini hapakuwa na mwalimu wa historia Tanzania asiyefundisha habari za Kusini kwa moyo. Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, wapigania uhuru tuliwaona mitaani, na watoto walijua majina yao. Nami nilipofika kwenye kisiwa cha Robben nilisimulia kwa mbwembwe. Nilieleza jinsi wafungwa walivyopasua mawe na kuchimba chokaa jua likiwapofusha macho, na jinsi waliojua kusoma walivyowafundisha wasiojua pale pale machimboni. Nilieleza jinsi walivyojiandikisha katika Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kinachofundisha kwa posta, ada ikilipwa na ndugu na wafadhili. Ahmed Kathrada alipata shahada zake akiwa kifungoni. Mandela, ambaye ujanani aliiacha shahada ya sheria bila kuimaliza, aliipata mwaka 1989, akiwa bado mfungwa na mwenye umri wa miaka 70.

Kitu ambacho sikukisisitiza vya kutosha ni kwamba ruhusa ile ilikuwa kamba mkononi mwa Makaburu. Mwaka 1977 gereza lilipochimbua bustani ili kujenga ukuta, zilikutwa karatasi alizoandika Mandela kuhusu maisha yake, zilizofukiwa humo. Yeye, Walter Sisulu na Kathrada wakanyimwa masomo kwa miaka minne. Hawakuongezewa kazi wala kupunguziwa chakula, walinyang'anywa vitabu. Serikali ile ilijua vizuri mahali panapouma. Nadhani hakuna ushahidi mkubwa zaidi wa thamani ya chuo gerezani kuliko kujua ni kitu gani mkuu wa gereza huchagua kukuondolea anapotaka kukuadhibu.

Ninayempenda zaidi katika habari hizo ni Dikgang Moseneke. Alikamatwa akiwa na umri wa miaka 15, akahukumiwa mwaka 1963 kwa siasa, akakaa kisiwani miaka 10 kamili. Aliingia mtoto wa shule. Humo humo alimaliza masomo ya sekondari, kisha akapata shahada ya sanaa na ya sheria. Alitoka, akawa wakili, na kuanzia 2005 hadi 2016 alikuwa Naibu Jaji Mkuu wa Afrika Kusini.

Jirani angeniambia, na angekuwa na haki, kwamba Moseneke hakuvunja duka la mtu. Hilo ni kweli, na nimekaa nalo muda mrefu. Wale walifungwa kwa haki waliyoidai, huyu wangu alifungwa kwa kosa alilolitenda, na mlinzi aliyejeruhiwa alikuwa na watoto. Siwezi kuwaweka kwenye mzani mmoja. Lakini darasani sikusema kwamba masomo yale yalikuwa halali yao kwa sababu hawakuwa na hatia. Nilisema kwamba walisoma ili akili zao zisife, ili siku moja watakapotoka wawe na la kuwafaa wenzao. Nilisema hivyo mbele ya watoto arobaini, na mmoja wao alinisikiliza kuliko nilivyojisikiliza mwenyewe.

Tangu hapo jambo hili limetukaribia zaidi. Huko Luzira, Uganda, Susan Kigula alihukumiwa kunyongwa mwaka 2002 kwa kosa la kuua. Yeye na wenzake zaidi ya 400 walioingojea kamba walifungua kesi, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba si halali sheria kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo bila kupima mazingira ya kosa. Kesi ile waliiendesha mawakili, sitaki kumpa elimu ya gerezani sifa isiyo yake. Lakini Kigula aliingia darasani akiwa kule ndani, akasaidia kuanzisha masomo kwa wanawake wenzake, kisha akasoma sheria ya Chuo Kikuu cha London kwa njia ya mbali, akaanza kuwaandikia wafungwa wengine rufaa zao. Hukumu yake ilipitiwa upya, akaachiwa Januari 2016. Katika magereza ya Kenya, Kamiti likiwamo, wafungwa na hata askari wao wamesoma sheria ya chuo hicho hicho kwa mpango ule ule, wakiwa darasa moja. Mwenye kujua jinsi watu wetu wengi wanavyosimama mahakamani bila wakili, bila hata kuelewa neno la Kiingereza linalowahukumu, ataona mara moja kwa nini mfungwa mmoja anayejua sheria ni mali ya gereza zima.

Hilo ndilo jambo ambalo hesabu za Marekani hazilioneshi vizuri. Kitabu kinachoingia gerezani hakisomwi na mmoja. Hupita mikono mingi mpaka majalada yake yanaisha, na anayekijua huulizwa usiku na wasiokijua, maana mle ndani hakuna kingine cha kuuliza. Fomu niliyoombwa ilikuwa ya mtu mmoja kwa jina tu.

Jirani yangu alifariki mwaka 2003. Binti yake hakwenda chuo. Aliolewa, akaendelea na biashara, na sasa ana duka kubwa kuliko la baba yake. Niliwahi kumsimulia habari ya barua na swali alilouliza marehemu. Alicheka kidogo, akasema, “Mwalimu, mimi nilikosa ada mwaka ule, ni kweli. Lakini yeye kukosa fomu hakukuniletea ada.” Kisha akamhudumia mteja.

Na yule kijana nilimwona mara moja, mwaka 1999, stendi ya mabasi. Yeye ndiye aliyenitambua. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa na sugu za jembe. Alinipa shikamoo, akaniuliza hali ya nyumbani, akasema ametoka mwaka uliopita baada ya kupunguziwa muda kwa mwenendo mwema, na kwamba anakwenda kwa mjomba wake kulima. Nilingoja ataje barua. Hakuitaja. Nilifungua mdomo niitaje mimi, kondakta akaanza kupiga bati la basi, naye akapakia mzigo wake.

Barua bado ninayo. Wino wa muhuri umefifia, lakini mwandiko unasomeka, ule ule wa kulalia kushoto niliokuwa nikimgombeza kwa ajili yake. Chini kabisa, baada ya sahihi, ameongeza kwamba kama fomu itakuwa na gharama nimwandikie, yeye ataona namna, na kama haitakuwa usumbufu niambatishe na kalamu moja ya wino, maana aliyokuwa akiandikia ilikuwa ya kuazima.